Kijana Nyuma ya Meza ya Duka la Mbegu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha kuandikwa, vijana wengi wa Nyeri na Karatina, wa Kerugoya na Embu, wa Chuka, Meru na Nanyuki hurudi kwa wazazi wao na masanduku yao ya bati, na mbele yao pana muda mrefu usio na kazi. Majibu ya mtihani hutoka Januari, na vyuo vikuu havipokei wanafunzi wapya mpaka Agosti au Septemba. Ndipo wazazi huanza kuulizana: kijana huyu afanye nini? Wengine huchuma majani ya chai, wengine hubeba mawe ya kujengea, na wengine, si siri, hukaa barazani wakitazama simu mpaka jua lizame. Wachache hupata nafasi nyuma ya meza ya duka. Na katika miji hii iuzungukayo Mlima Kenya, duka lenye mafundisho mengi kuliko yote si la nguo wala la simu, bali ni lile la mbegu, mbolea na dawa za mifugo, ambalo watu wote hulijua kwa jina la agroveti.

Duka la namna hiyo si la zamani sana katika nchi hii. Mwaka 1923 masetla walijiundia chama chao cha wakulima, K.F.A., cha kuuza mazao yao na kujinunulia vifaa. Lakini Mwafrika wa Nyeri siku zile hakuwa na haja ya duka la dawa, kwa sababu hakuruhusiwa kupanda kahawa hata mche mmoja. Wenzake wa Meru na Embu waliruhusiwa kidogo kidogo katika miaka ya 1930. Mambo yaligeuka kwa mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, uliofungua mlango wa kahawa, chai, pareto na ng'ombe wa gredi kwa wakulima Waafrika. Mwaka 1957 kiwanda cha chai cha Ragati kilianza kazi karibu na Karatina, na mwaka 1964 mahindi chotara ya namba 611 yalitoka Kitale. Kila jambo katika hayo lilileta haja mpya. Ng'ombe wa asili aliweza kuishi na kupe. Ng'ombe wa gredi, aumwapo na kupe mwenye ndigana kali, huweza kufa kwa muda wa majuma machache. Mbegu ya asili ilihifadhiwa darini juu ya moshi. Mbegu chotara haina budi kununuliwa upya kila msimu, maana ile ivunwayo haizai kama mama yake. Hivyo ndivyo duka lilivyoingia kati ya mkulima na shamba lake, na hivyo ndivyo mtu asimamaye nyuma ya meza alivyopata kuwa na sehemu katika mavuno ya wengine.

Kijana aingiapo mara ya kwanza hudhani atafundishwa dawa. Hafundishwi. Hupewa ufagio. Kisha huonyeshwa magunia: ya mbolea kilo 50, ya chakula cha ng'ombe wa maziwa kilo 70, nayo huletwa na lori asubuhi mapema, na lori halingojei mtu anywe chai. Wapo waliopata alama nzuri za kemia ambao huona jambo hili kuwa aibu, nao huacha kazi kabla ya juma la pili kwisha. Wale wanaobaki huanza kufahamu kwamba katika upangaji wa bidhaa mna elimu. Chakula cha mifugo hakikai chumba kimoja na sumu. Mbegu haziwekwi karibu na dawa ya kuua magugu, wala mahali pa jua au unyevu, maana mbegu ni kitu chenye uhai, na hufa bila kupiga kelele. Mkulima huja kujua baada ya siku kumi na nne, atazamapo mistari yake mitupu. Chupa zilizoletwa kwanza hukaa mbele na zilizoletwa juzi hukaa nyuma, ili tarehe ya mwisho isipite mtu akiwa amelala. Na chanjo ya kideri cha kuku hukaa ndani ya jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukatikapo usiku kucha, ambalo ni jambo la kawaida wakati wa mvua, chanjo hiyo haibadiliki rangi wala harufu. Ni mwenye duka peke yake ajuaye kama ataitupa au ataiuza. Kijana aliyewahi kumwona bwana wake akitupa chupa nzima za chanjo kwenye pipa, huku akihesabu hasara kwa sauti ya chini, amepata somo ambalo halimo katika vitabu vya biashara.

Baada ya hapo huja mizani. Katika soko la Karatina maharagwe hupimwa kwa gorogoro, na kila mtu anajua namna mkono wa muuzaji unavyoweza kujaza au kupunguza kilele. Dukani chakula cha kuku huuzwa kwa kilo juu ya mizani, na sheria yataka mizani hiyo ikaguliwe na kupigwa muhuri na mkaguzi wa vipimo kila mwaka. Mama anunuaye kilo mbili za chakula cha vifaranga hana mizani nyumbani kwake. Hata akipunjwa kidogo hataweza kuthibitisha. Lakini ataona kwamba chakula kilichozoea kumfikisha Jumamosi sasa kinaisha Ijumaa, naye hatasema neno. Atavuka barabara tu aende duka la pili. Ukweli ni kwamba mteja wa vijijini hagombi, huhama.

Jambo gumu zaidi ni masikio. Mteja wa duka hili hataji jina la dawa. Hutaja rangi ya chupa, au ugonjwa, au jirani yake aliyeinunua mwezi uliopita. Karani mpya huwa na haraka ya kuonyesha kwamba ajua, naye hufikia rafu mara moja. Karani aliyefundishwa vyema huuliza kwanza. Msomaji na afikiri juu ya mazungumzo kama haya, ambayo husikiwa kila Februari na Machi wakati watu wanapojitayarishia mvua ndefu:

"Nipe mbegu ya mahindi, ile ya H614. Ndugu yangu wa Othaya alivuna magunia mengi sana."

"Sawa, guka. Na wewe shamba lako liko wapi?"

"Kieni, upande wa Naro Moru."

"Mvua ya huko mwaka jana ilidumu miezi mingapi?"

Mzee hunyamaza, huhesabu kwa vidole. Maana H614 ni mbegu ya nyanda za juu zenye mvua ya kutosha, nayo huhitaji miezi sita au zaidi kukomaa. Othaya, chini ya milima ya Aberdare, mvua yaweza kuingoja. Kieni ni nchi iliyo kati ya milima miwili, na kila mlima huzuia mvua kwa upande wake. Huko mhindi wa miezi sita hutoa majani mazuri ya ng'ombe na mabunzi matupu. Ndugu wawili, baba mmoja, mbegu tofauti. Kama karani angenyamaza, mauzo yangekuwa yaleyale, shilingi zilezile, na hakuna sheria ambayo angeivunja. Lakini mzee angepoteza msimu, na msimu haurudishwi na duka lolote.

Karani hapaswi, hata hivyo, kujifanya bwana shamba. Sheria yataka duka la dawa za wadudu liwe na leseni na liwe na mtu aliyesomea kazi hiyo, na dawa za mifugo nazo zina wasimamizi wake. Kijana wa likizo hana cheti. Kazi yake ni kuuliza vizuri, na kumwita mwenye cheti. Wapo wasioweza kusema maneno haya mawili, "Ngoja nimwite," kwa kuona kwamba yanawashusha mbele ya watu. Hao ni wa hatari kuliko wajinga.

Habari ya bidhaa za uongo imekuwa kubwa siku hizi. Pakiti ya mbegu halali hubandikwa kibandiko cha shirika la KEPHIS, lililoanzishwa mwaka 1996 kukagua mimea na mbegu. Mnunuzi hukwangua, akaona namba, akaipeleka kwa simu kwenda 1393, naye hujibiwa kama mbegu hiyo ni ya kweli. Ni jambo la dakika moja. Ajabu ni kwamba wateja wengi hawalifanyi, hata wenye simu nzuri, kwa sababu wanaona haya kumshuku mwenye duka mbele ya uso wake. Duka lenye heshima humfundisha karani alifanye yeye mwenyewe, juu ya meza, kabla ya kuulizwa. Mwaka 2024 taifa zima lilishtushwa na habari za mbolea isiyofaa iliyouzwa kwa wakulima katika mpango wa ruzuku, na tangu hapo mkulima huingia dukani akiwa na mashaka ambayo baba yake hakuwa nayo. Haifai kumkasirikia. Yafaa kumwonyesha gunia, kumsomea maandishi yake, na kumweleza namba zilizoandikwa. Mbolea ya kupandia iandikwayo 18-46-0, katika gunia la kilo 50, ina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Ile ya kukuzia, CAN yenye 26 kwa mia, ina kilo 13 za naitrojeni wala haina fosfati. Kijana aliyekokotoa asilimia darasani kwa miaka minne bila kuona faida yake huiona hapo, mbele ya mama mwenye shilingi za gunia moja tu ambaye lazima achague.

Sasa yaja jambo ambalo hugombanisha maduka na wateja wao, na maduka yenyewe kwa yenyewe. Viwavijeshi vamizi viliingia nchini mwaka 2017, na ndani ya misimu michache vilikuwa vimejulikana katika kila shamba la mahindi. Mtu mwenye robo eka huja mbio. Chupa nzima ya dawa ni ghali, naye ahitaji vijiko vichache tu. Huleta chupa tupu ya soda, huiweka juu ya meza, na kusema: "Nipimie ya shilingi hamsini."

Si mtu mbaya. Hana fedha, na mahindi yake yanaliwa. Pengine duka la jirani humpimia. Lakini dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda imepoteza jina lake, kipimo chake, onyo lake, na ule ukanda wa rangi uliowekwa chini ya lebo ili hata asiyejua kusoma afahamu: mwekundu kwa sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Imepata badala yake umbo la kitu ambacho kila mtoto hukipenda. Itawekwa dirishani jikoni. Mtoto atarudi kutoka shule na kiu. Habari za namna hiyo zimesikiwa katika wilaya nyingi, wala hakuna haja ya kuzisimulia hapa. Sheria ya dawa za wadudu ya mwaka 1982 na kanuni zake hazimruhusu muuza duka kufungua na kugawa dawa kwa njia hiyo, na mkaguzi akimkuta, leseni iko hatarini. Lakini mkaguzi hayuko dukani kila siku, kijana yuko.

Afanyeje? Kukataa tu na kugeuza uso ni rahisi, na mzee atakwenda kupimiwa kwingine. Maduka mengine yameona njia iliyo bora. Huweka chupa ndogo zilizofungwa na kiwanda, hata kama faida yake ni kidogo. Au humshauri mteja ashirikiane na jirani wawili watatu, wanunue chupa moja na kunyunyiza siku moja, kama vile wanawake wafugao kuku wanavyoshirikiana katika chanjo ya kideri, kwa kuwa chupa moja hutosha makumi ya kuku na ikiisha kuchanganywa haiwekwi mpaka kesho. Tena humwambia jambo ambalo ni bure: viwavi hivyo hujificha ndani ya mhindi wakati wa jua, kwa hiyo dawa inyunyizwe asubuhi mapema au jioni, ama sivyo fedha zote zimemwagwa hewani. Mara nyingine mzee huondoka amekasirika hata hivyo. Kijana lazima ajifunze kumwacha aondoke amekasirika. Hilo ni gumu kwa mtu wa miaka kumi na minane aliyelelewa kuwatii wazee, na wapo walioshindwa nalo.

Upande wa ng'ombe una mitego yake. Dawa ya kuogeshea yenye amitraz ya 12.5 kwa mia huchanganywa mililita 40 katika lita 20 za maji. Wakulima wengi hupima kwa kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani. Ikipungua, kupe hawafi, bali wale wenye nguvu hubaki na kuzaa wenye nguvu kama wao, hata baada ya miaka watu huanza kusema dawa imekuwa maji. Tena dawa hiyo hiyo imfaayo ng'ombe humdhuru farasi matumboni, na katika upande wa Nanyuki wako watu wafugao farasi, kwa hiyo swali la "Ni ya mnyama gani?" si swali la upuzi. Dawa za ugonjwa wa kiwele nazo zina siku zake ambazo maziwa hayafai kuuzwa. Mkulima apelekaye maziwa kwenye chama, kwa mfano huko Mukurwe-ini, akichanganya maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa na yale ya jirani zake, amechafua tangi zima: maziwa yenye dawa hayagandi sawasawa, kwa sababu dawa huua vile vijidudu vyema vinavyoyagandisha, na mnywaji naye huingiza dawa mwilini bila ugonjwa. Karani aandike siku hizo kwa kalamu nene juu ya pakiti. Mteja akifika nyumbani hakumbuki yote aliyoambiwa.

Kuhusu fedha, machache yatosha. Simu imeleta urahisi mkubwa tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na pamoja na urahisi huo wamekuja watu wenye ujumbe wa kubuni, waonyeshao kioo cha simu yao na kuondoka na gunia. Kanuni ni kwamba fedha zimeingia zionekanapo katika simu ya duka, si katika simu ya mteja. Deni ni habari nyingine, maana haliwezi kukatazwa kabisa katika nchi ya chai na kahawa. Mkulima wa chai hungoja malipo ya mwisho ya mwezi wa Oktoba. Wa kahawa hungoja chama chake. Na mbegu haingoji yeyote kati yao. Daftari la madeni, basi, ni kitabu cha jamii nzima. Kijana akilishika kwa mara ya kwanza hushangaa kuona majina ya watu wakubwa, labda mwalimu wake, labda mjomba wake. Asiyeweza kufunga mdomo juu ya daftari hilo hafai duka, hata awe mwepesi wa hesabu namna gani.

Mshahara wa likizo si mkubwa, na pengine robo yake huishia katika nauli ya matatu na chakula cha mchana. Wazazi wengine huuona kuwa si kitu, hasa wale walio na shamba lao wenyewe. Lakini si mara moja imetokea kijana aliyekuwa akiandika kwamba ataka kusomea sheria akabadili shauri lake na kuomba nafasi ya utabibu wa mifugo au kilimo. Na si mara moja imetokea kinyume chake, mtoto wa mkulima akatoka dukani akiapa kwamba hatashika jembe wala chupa ya dawa maisha yake yote. Yote mawili ni faida, kwa kuwa karo ya chuo ni ghali sana kuitumia katika kujaribu.

Mzazi anayetaka kumtafutia mwanawe nafasi ya namna hii, iwe mwezi wa Novemba au wakati wa likizo ya Agosti, atembelee duka kwanza kama mteja. Aangalie kama leseni imetundikwa ukutani na kama tarehe yake haijapita. Aulize ni nani mwenye cheti, na kama mtu huyo huwapo dukani au jina lake tu ndilo liwapo. Aangalie kama wafanyakazi wabebao dawa wana glavu, na kama dirisha hufunguka. Na mahali pa kula chakula cha mchana pawe nje ya chumba kile cha dawa, na maji na sabuni yawe karibu.